Shomoro wa Saa Nne

6 Januari

Mdogo wangu Wino,

Naomba barua hii ikukute mzima, wewe na wifi yangu, na Mama awe anakula bila kubembelezwa. Mimi sijambo. Mkono umeunga. Asubuhi unauma kidogo kabla haujapata moto, kisha unafanya kazi kama mkono wa mtu yeyote. Wiki hii nimeshona kaptula za shule arobaini, na nikifa naomba nisizikwe karibu na shule.

Naandika kwa sababu simu niliitupa. Mara ya kwanza nilipomkimbia yule mume wangu alinipata kwa simu, siku ya tatu tu. Mahakama imemwita mara mbili kwa ajili ya huu mkono, na mara zote mbili hakutokea. Hakimu ametoa hati akamatwe, polisi wanasema hawamwoni. Kwa hiyo mji huu niliomo unaujua wewe peke yako. Mama usimwambie. Nampenda, lakini Mama hana kifua.

Nimepata chumba cha uani kwa mkunga mmoja mstaafu. Ni mama mfupi, sauti nene, anamsalimia kila mtu kama vile alimzalisha mwenyewe, na wengi kweli aliwazalisha. Jumanne na Ijumaa anakwenda kliniki kuwafundisha wajawazito, nami nabaki peke yangu nyumba nzima.

Uani kuna ukuta wa matofali unaonifika begani, mpera mmoja na bomba linalovuja. Nimefanya kituko. Ile stendi ya cherehani, kitu pekee nilichotoka nacho kwenye ile nyumba, nimeiweka chini ya mpera na juu yake nikaweka karai la maji. Gurudumu lake bado limepungua mkono mmoja wa chuma, tangu siku aliyolipiga teke baada ya kumaliza na mimi. Ndege hawajali. Wamelivamia karai kama wamealikwa.

Nimerudi kwenye daftari, kama Baba alivyotuzoesha pale kwenye ngazi ya jikoni. Unakumbuka alivyosema: andika ulichokiona na saa uliyokiona, basi. Haya: Jumanne, saa nne asubuhi, shomoro kumi na mmoja, shore wawili, tetere mmoja mwoga, chozi dume mmoja mwenye mdomo wa sindano, anayejiona mwenye mji.

Dada yako.


2 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikiwa imelowa pembe moja, lakini nimeisoma yote. Sisi wazima. Presha ya Mama imeshuka, ila maneno yake hayajashuka. Kila siku ananiuliza uko wapi, nami namjibu uko salama, naye ananiambia salama si jina la mahali. Mke wangu anakusalimu sana.

Kazini ni kulekule. Mashine kubwa inavuja mafuta, na dirisha letu linatazama ukuta wa ghala, kwa hiyo ndege ninaowaona ni wale wa kwenye karatasi. Maana siku hizi tunachapa jarida la kila mwezi la wapenzi wa ndege. Mhariri wake ni mwalimu mstaafu, anatafuta makosa kama mtu anayetafuta chawa. Juzi nilimsomea yale uliyoandika kuhusu karai na yule chozi. Alivua miwani, akaifuta, akaniambia, "Huyu mtu anaona."

Dada, nilijisikia vizuri. Wewe siku zote ulihesabu vizuri kuliko mimi, na mimi ndiye niliyesifiwa kwa mwandiko. Usiwe mchoyo, niandikie zaidi. Weka na saa.

Mdogo wako,
Wino.


3 Aprili

Mdogo wangu,

Hamjambo huko? Nauliza kweli. Nimekuandikia Februari na nimekuandikia Machi, kurasa tatu za ndege kila mara, na hujajibu hata mstari. Kama Mama anaumwa niambie. Kama umenichoka niambie pia, nitanuna wiki moja kisha nitakusamehe.

Mimi mzima. Mkunga amenitafutia wateja wawili wa magauni, nimepumzika na kaptula.

Nina jambo la kukuuliza, maana wewe una mwalimu wako wa miwani. Ndege wangu wameanza tabia mpya. Wanakuja asubuhi kama kawaida, wanakunywa, wanagombana. Saa nne ikipita kidogo wanaruka wote kwa mkupuo, mara moja, shomoro na shore na hata tetere, wala hawarudi mpaka karibu saa tano. Nimeangalia juu, hakuna kipanga. Paka hapa hakuna, Mkunga hawapendi. Upepo haukuwepo.

Nilidhani ni bahati tu, ndipo nikarudi kwenye daftari. Imetokea mara sita. Mara zote sita ni Jumanne au Ijumaa. Siku nyingine wanakaa mpaka jua liwafukuze.

Muulize mwalimu ndege wanajuaje Jumanne.

Dada yako.


14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mama mzima, mke wangu mzima, mimi mzima. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi zilikuwa nyingi.

Habari za ndege usiniandikie kwa sasa. Liondoe lile karai na ile stendi iingize ndani. Ule ukuta, ulisema unafika begani. Kwako au kwa mtu mrefu? Una mlango? Mlango una komeo? Jumanne na Ijumaa usikae peke yako, nenda na Mkunga huko kliniki, kashone kulekule.

Ukiweza kuhama, hama. Ukihama usiniambie uliko.

Wino.


27 Aprili

Wino,

Salamu nitakupa chache, nawe utanielewa. Nimesoma barua yako mara nne, nikitafuta pale uliponieleza sababu, sijapaona. Umeniuliza habari za ukuta mara tatu katika mistari mitatu. Mtu anayeuliza hivyo anajua kitu. Na hiyo ya kusema usijue niliko, ndiyo iliyonitoa nje kwenda kuangalia.

Acha nikueleze nilichokiona, kwa utaratibu wa Baba.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, mimi na Mkunga tulitoka kwa mlango mdogo tukazunguka nyuma ya ukuta. Pana kichochoro cha kupitishia taka, kimeshuka chini kuliko ua wetu, watu hawapiti. Usawa wa mpera wetu tulikuta matofali manne yamepangwa mawili mawili, vizuri, kama ngazi. Udongo wa pale umekanyagwa mpaka ukang'aa. Nilipanda, kichwa kikafichwa na majani ya mpera. Kutoka pale naliona karai, naona kiti changu, naona dirisha langu mpaka kitanda.

Juu ya ukuta, mahali ambapo mtu angeegemeza mkono, paliwekwa kipande cha chuma chenye urefu wa kiganja. Sikukigusa mara moja. Mkunga akauliza, "Hicho nini, mwanangu?" Nikakichukua, maana nilikuwa nimekijua.

Siku ile aliyonivunja mkono, kabla sijaondoka, nilitambaa chini ya kabati kukitafuta, nikidhani fundi ataweza kukiunga. Sikukipata. Kumbe alikiokota yeye, amekitunza muda wote huu.

Nilikipeleka kwenye gurudumu nikakijaribu. Kilikaa.

Wino, naogopa. Naogopa nikioga na naogopa nikiweka uzi kwenye sindano, inanichukua mara tano. Hakuja kunipiga. Amekuja kusimama, mara nane sasa, akinitazama ninavyohesabu ndege, na ndege ndio waliokuwa wakiniambia na mimi nikaandika kama kichekesho. Mkunga haendi tena kliniki, anakaa mlangoni na mchi. Ananiambia katika maisha yake ameshika watu wagumu zaidi ya huyo wakiwa bado wanateleza. Nilicheka, kisha nikalia.

Niambie unachokijua. Andika ulichokiona.

Dada yako.


5 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Salamu za nyumbani ni nzuri, nakuandikia tu kwa sababu ni desturi.

Ni mimi. Nilikichapa kile kipande cha barua yako. Mwalimu alikitaka, nami nikampa, na cha Februari nikampa pia. Jina lako sikuliweka, niliandika tu "Kutoka Uani". Nilijua unajificha, nikajiambia bila jina hakuna atakayejua. Lakini jarida lina kanuni yake, kila aliyeona ndege lazima mji alioonea utajwe, la sivyo hesabu haina maana kwa wasomaji. Mwalimu aliniuliza mji, nikamtajia. Herufi nilizipanga mwenyewe. Niliona fahari. Nilimpelekea mke wangu jarida nyumbani, nikamwambia ona, dada yangu.

Katikati ya Machi aliingia dukani. Sikumjua haraka, amefuga ndevu. Aliweka jarida juu ya kaunta, amelikunja mpaka likabaki lile fungu lako tu. Akaniambia kwa upole kabisa, "Shemeji, hili gurudumu nalijua. Nani mwingine ana stendi ya cherehani iliyopungua mkono huohuo?" Akasema, "Jumanne na Ijumaa, saa nne. Dada yako siku zote ni mtu wa ratiba." Kisha akaniaga vizuri, akaondoka.

Ndiyo maana sikujibu. Niliandika barua tatu nikazichana. Nilijiambia mji ni mkubwa, hataupata ua mmoja. Nilijiambia ukijua hutaniandikia tena. Ulipoandika ndege wanaruka Jumanne na Ijumaa nilijua ni yeye, na bado sikukuambia. Nilikuuliza habari za komeo.

Nilikwenda kituo cha polisi hapa. Wakaniambia jalada liko kwenu, niende huko. Ungekuwa karibu ningekuja nipige magoti. Niseme nini, dada.

Wino.


24 Mei

Wino,

Mama hajambo? Mwambie nimemuota amevaa lile gauni la bluu. Wifi yangu msalimie, mwambie asikusumbue sana, nitakusumbua mimi.

Sitakuambia si kitu. Ni kitu. Wiki nzima barua yako sikuweza kuimalizia, nilifika pale pa fahari nikaiweka. Nilikasirika mpaka nikashona mkono wa gauni kichwa chini. Lakini wewe ni mdogo wangu, na hasira zangu na woga haviwezi kukaa kwenye chumba kimoja, chumba chenyewe kidogo.

Sasa nisikilize. Sina mahali pa kukimbilia mara ya tatu, na nikikimbia atakuja kwako kuuliza. Kwa hiyo nimefanya hivi. Mkunga ana mtu wake, sajini wa polisi katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi. Mwanamke mpole, mrefu, aliyepokewa duniani kwa mikono ya Mkunga huyuhuyu, na hawezi kumkatalia chochote. Ile hati ya hakimu ameitafuta, ameiona, ipo hai. Shida yao ilikuwa moja tu, hawajui pa kumkuta, na hapa ameacha kuja kwa ratiba tangu Mkunga akae mlangoni.

Nimeibeba stendi. Kondakta aliniuliza kama nahama na daraja. Nimeipeleka mpaka kwa sajini kwa njia ya kichochoro, watu wakinitazama, ili akiuliza fundi mgeni, kama bila shaka alivyouliza huku, aonyeshwe, na nimeiweka uani kwake, chini ya mti, na karai juu. Ua wenyewe uko nyuma ya nyumba za askari, lakini kwa nyuma huwezi kujua, ni ukuta tu kama kuta nyingine, na kichochoro. Nimekaa huko siku saba. Nimehesabu.

Nakuletea kipande cha kuchapa, uweke na mji, kama kanuni ya mwalimu inavyotaka. Humo hamna uongo hata mmoja. Nilifikiri kudanganya nikashindwa, niliona Baba amesimama mlangoni. Kichape hivihivi:

"Nimehamishia karai mji mwingine, na stendi ileile yenye gurudumu bovu. Jumanne, saa nne asubuhi, ua mtulivu, hakuna mtu. Shomoro tisa, tetere wawili, kurumbiza mmoja aliyeimba bila kuonekana. Wamekaa mpaka saa tano."

Jumanne saa nne kweli hakuna mtu uani. Askari wote wako gwaride upande wa mbele, hatua hamsini.

Mimi nimerudi kwa Mkunga, nalala ndani kwake, chumba cha uani kimefungwa. Hiyo usimwambie mtu, hata mwalimu. Sajini akikataza chochote nitakuandikia. Usiponiandikia safari hii, Wino, sijui nitafanya nini.

Dada yako.


16 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Mama hajambo, anasema gauni la bluu halimtoshi tena, na hiyo ndoto ina maana gani. Mke wangu anakuombea kila siku.

Jarida limetoka tarehe saba. Nililipanga mwenyewe, nikalisoma mwenyewe mara tatu. Mwalimu alitaka kuondoa neno "bovu", nikamwambia asiliguse.

Alikuja tarehe kumi na mbili. Nakuandikia nilichokiona. Aliingia saa nane mchana, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Alikuwa amekasirika lakini anatabasamu. Akasema, "Dada yako kahama, mpera umebaki peke yake. Kaenda wapi?" Nikamwambia sijui. Nilishika meza, dada. Majarida yalikuwa yamepangwa pale mbele, sikuyasogeza wala sikuyatazama. Aliyaona. Alichukua moja, akalifungua ukurasa uleule bila kutafuta, akasoma amesimama.

Akacheka. Akasema, "Hajifunzi." Akalikunja mpaka likabaki fungu moja, akalitia mfukoni. Alipofika mlangoni akageuka akaniangalia muda mrefu, mimi nikafikiri amejua. Kumbe alitaka kuniuliza kurumbiza ni ndege gani.

Nikamweleza. Rangi ya chungwa kifuani, mwoga, anapenda vichaka. Nilimweleza vizuri kama ninavyomweleza mteja.

Tangu siku hiyo sijala vizuri. Kama amekuja huko kwako badala ya kule, na mimi niko hapa nachapa kadi za harusi. Tafadhali andika hata neno moja.

Wino.


5 Julai

Mdogo wangu Wino,

Natumaini umeanza kula. Mama na wifi wasalimie. Mkunga anakusalimu pia, anasema siku moja akuone huyo anayeonyesha ndege kwa watu wabaya.

Nimechelewa makusudi. Sikutaka kuandika mpaka nione kwa macho, na jana nilikwenda mahakamani nikamwona, kizimbani, pingu mkononi, ndevu zimenyolewa. Ameninyooshea kidole. Hakimu amemnyima dhamana mpaka kesi ya mkono wangu iishe, na ameongezewa nyingine, kwa sababu pale ukutani hakuwa amebeba jarida tu. Sitakuandikia alikuwa amebeba nini. Hilo nimelisikia, sikuliona, na nashukuru.

Sajini ameniletea karatasi. Nilipokuwa kwake nilimfundisha kuhesabu, alikuwa ananicheka. Nakuandikia kama alivyoandika mwenyewe:

"Jumanne. Saa nne kasoro kumi, shomoro saba, tetere wawili, yule mwimbaji simwoni. Saa nne na dakika tano wameruka wote mara moja. Juu hakuna kitu. Nimewapa wenzangu ishara."

Nimeisoma mara nyingi na bado kila nikifika kwenye "wameruka" natazama ukuta. Usidhani nimepona kwa siku moja. Nalala taa ikiwaka. Kile kipande cha chuma nimekifunga kwenye kitambaa nimekiweka chini ya kaptula, ushahidi wanautaka mwezi ujao, nikimaliza kutoa ushahidi nitakitupa au nitakiunga, sijaamua. Na wewe bado nimekukasirikia kidogo, upande wa kushoto.

Leo Ijumaa Mkunga amerudi kliniki kwa mara ya kwanza. Nilimwambia aende. Nimefungua chumba cha uani, nimeweka beseni la plastiki juu ya ndoo chini ya mpera, maana stendi iko kwa sajini bado. Nimekaa kwenye kiti changu na mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa mapajani, nikafungua daftari.

Saa tatu na nusu, shomoro watano. Saa nne kasoro robo, shomoro kumi na wawili, shore wawili. Saa nne kamili, tetere, yule mwoga, na chozi anayejiona mwenye mji. Saa nne na dakika tano niliacha kuandika nikashika mkasi. Saa nne na dakika kumi. Saa nne na nusu.

Hawakuruka. Walikunywa, wakaoga, wakagombana, mpaka jua likawafukuza.

Msomee Mama barua hii. Na mji mtajie.

Dada yako.